Kurudia ujumbe ndiko kunakovujisha siri: nidhamu ya redio jeshini, kuanzia Kilindini mwaka 1942

MasafaMafupi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mijadala ya kijeshi humu jukwaani hukaa sana kwenye vifaru, ndege na makombora, na redio hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni chombo cha kusemea basi. Naomba leo tukae nayo. Hoja yangu ni moja: saa ya hatari kubwa kwa siri ya jeshi ni ile ambayo upande wa pili unasema haukusikia vizuri, na mtumaji analazimika kurudia. Taratibu nyingi za redio ambazo raia huziona kuwa mbwembwe za wanajeshi ziliwekwa ili saa hiyo isifike mara kwa mara, na ikifika, mtumaji ajue la kufanya.

Nianzie kwetu Pwani. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na Waingereza wakaamua kukiondoa huko kituo chao cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya Wajapani. Kituo hicho kilikuwa kimeanzia Hong Kong, kikahamia Singapore mwaka 1939, kisha kikakimbilia Colombo mapema mwaka 1942. Safari hii kilipelekwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram, ambayo wakati huo ilikuwa ya wavulana wa Kihindi. Mahali palikuwa salama, lakini hapakuifaa kazi yenyewe. Umbali kutoka Pasifiki ulifanya mawimbi ya Wajapani yafike yakiwa dhaifu mno, na jumbe nyingi zilinaswa zikiwa na mapengo.

Pamoja na shida hiyo, Kilindini ndiko lilikovunjwa fumbo, yaani mfumo wa kuficha maandishi, lililopewa jina la JN-40, ambalo meli za mizigo za Japani zililitumia. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni fumbo la kuongeza tarakimu, kama lile kubwa la jeshi la majini lililoitwa JN-25, na kwa dhana hiyo kazi ilikuwa imekwama. Septemba 1942 Wajapani wakarudia ujumbe uliohusu mahali meli ilipo, wakitumia ufunguo uleule, yaani mpangilio uleule wa siri wa kuficha na kufumbua ujumbe. Kosa hilo liliwapa wafumbuaji wa kituo, John MacInnes na Brian Townend, pa kuanzia: wakatambua kwamba maneno yalikuwa yanageuzwa kuwa tarakimu mbilimbili kwa jedwali, kisha tarakimu hizo zinabadilishwa nafasi kwa safu. Kufikia Novemba mwaka huohuo walikuwa wanasoma jumbe zote za nyuma, na mpya wanazifumbua kadiri zinavyoingia. Nahodha wa meli ya mizigo hueleza anatoka wapi, anakwenda wapi na atafika lini. Anayeyajua hayo anajua pa kuipeleka nyambizi yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 30 Agosti 1941, kosa la ukoo huohuo lilifanyika Ulaya. Mtumaji wa Kijerumani aliyekuwa Athens alituma ujumbe wa herufi zipatazo 4,000 kwenda Vienna kwa mashine ya kuficha maandishi iitwayo Lorenz, iliyotengwa kwa ajili ya makamanda wa juu. Vienna wakajibu, tena kwa lugha ya wazi, kwamba haukupokelewa vizuri, utumwe upya. Mtumaji akairudisha mashine pale ilipoanzia, jambo lililokuwa limekatazwa kabisa, akaanza kuchapa upya kwa mkono. Kuchapa herufi 4,000 mara ya pili kunachosha, na akaanza kufupisha. Neno la kwanza kabisa, Spruchnummer, ambalo lilimaanisha nambari ya ujumbe, aliliandika Spruchnr. Kuanzia hapo jumbe mbili zilizofichwa kwa ufunguo mmoja zikawa zinapishana kidogo kidogo hadi mwisho.

Napenda tuelewe kwa nini kupishana huko ndiko kulikoleta maafa, kwa hiyo twende kwa tarakimu. Chukua fumbo la kuongeza, ambalo kila tarakimu ya ujumbe hujumlishwa na tarakimu ya ufunguo bila kubeba makumi. Tuseme mahali fulani ujumbe wa kwanza una 4, wa pili una 9, na ufunguo ni 7. Wa kwanza utasafiri angani kama 1, kwa kuwa 4 na 7 ni 11 na makumi yanaachwa. Wa pili utasafiri kama 6. Adui hajui lolote kati ya hayo matatu, lakini amenasa 1 na 6, na akitoa moja kutoka kwa nyingine anapata 5. Sasa toa 4 kutoka 9: ni 5 vilevile. Ufunguo umejifuta wenyewe, na mkononi mwake imebaki tofauti ya maneno halisi ya jumbe mbili. Kama jumbe zingefanana herufi kwa herufi, angepata sifuri mwanzo hadi mwisho na asingejifunza kitu. Kwa kuwa zinapishana, anakisia neno katika moja, anaona linatoa nini katika ya pili, na likileta maana anaendelea mbele. Mfumbuaji wa Kiingereza, John Tiltman, alizitenganisha jumbe zile za Athens kwa njia hiyo, akaupata ufunguo mzima uliotumika. Mwenzake Bill Tutte akauchambua ufunguo huo, na kufikia Januari 1942 alikuwa ameeleza muundo wa ndani wa mashine ambayo hakuna Mwingereza aliyewahi kuiona kwa macho.

Basi ukishaliona hilo, kanuni za redio zinasomeka kwa namna nyingine. Askari wa mawasiliano hufundishwa kusikiliza kabla ya kusema, ili asimkanyage mwenzake hewani na wote wawili wakalazimika kurudia. Anafundishwa kuwa na maneno yake tayari, ikiwezekana kwenye karatasi, kabla hajagusa kitufe. Anakibonyeza, anasubiri kidogo ndipo aseme, kwa kuwa redio nyingi humeza silabi ya kwanza. Anamtaja kwanza anayemwita, kisha yeye mwenyewe, ili anayehusika ategee sikio kabla maneno yenye uzito hayajaanza. Majina hayo ni ya mwito, si majina ya watu wala ya vikosi, na hubadilishwa kwa ratiba. "Ova" ni nimemaliza, nasubiri jibu; "auti" ni nimemaliza, sisubiri jibu; kwa hiyo wale wanaosema "ova na auti" kwa pamoja wanasema mambo mawili yanayopingana. "Roja" maana yake ni kwamba ujumbe umepokelewa wote, basi. Haina maana ya kukubali wala kuahidi kutenda. Anayeahidi kutenda husema "wilko".

Na kwa yale ambayo hayakusikika, mpokeaji haombi ujumbe mzima. Anaomba sehemu iliyompotea tu: sema tena yote baada ya neno fulani, au neno lililo kati ya hili na lile. Hapa kuna tahadhari ambayo wanajeshi wanaotumia taratibu za Kiingereza huijua vizuri: neno "repeat" halitumiki kuomba kurudiwa, kwa sababu kwenye mizinga ni amri ya kupiga tena pale palipopigwa, kwa kiasi kilekile.

Karibuni kwa maswali na nyongeza. Wenye kujua zaidi yangu msisite kunirekebisha.

BintiKilindini

Ahsante sana ndugu mwandishi. Kwa wasomaji wasiofahamu, Allidina Visram mpaka leo ni shule ya sekondari, na wengi wa Mombasa hupita hapo bila kujua historia hii. Kituo hakikukaa muda mrefu. Agosti 1943 kilirudishwa Colombo, ambako usikivu ulikuwa bora zaidi.

Nina swali la uelewa. Kama kutumia mafumbo vibaya ni hatari kiasi hicho, kwa nini jeshi lisifiche kila kitu kwa fumbo gumu kuliko yote na kuwaadhibu wanaokosea? Adhabu kali si ingetosha kuondoa uzembe?

MasafaMafupi

Dada, swali lako linagusa upande wa pili wa shilingi. Fumbo gumu lisilowafikia watumiaji ni hatari kuliko fumbo jepesi. Agosti 1914 Urusi iliingia Prussia Mashariki, iliyokuwa sehemu ya Ujerumani, na majeshi mawili, la Rennenkampf na la Samsonov. Waya za simu zilikuwa chache, wakategemea redio. Funguo za mafumbo zilikuwa hazijagawiwa sawasawa, wengine wanazo na wengine hawana, na waliokuwa nazo hawakuwa na mazoezi ya kutosha. Matokeo yake amri za vita zikawa zinatumwa kwa lugha ya wazi. Tarehe 25 Agosti Wajerumani walikuwa na jumbe mbili mkononi: moja ikionyesha kwamba Rennenkampf hatafika mapema kumsaidia mwenzake, nyingine ikieleza jeshi la Samsonov linaelekea wapi. Makamanda wa Kijerumani, Hindenburg na Ludendorff, wakathubutu kuacha ulinzi mdogo mbele ya Rennenkampf na kumgeukia Samsonov kwa nguvu zote. Vita hivyo vya Tannenberg vilimalizika mwisho wa Agosti kwa mateka zaidi ya 90,000, na Samsonov akajiua.

Kuhusu adhabu, mtumaji wa Athens alikuwa tayari chini ya katazo kali. Askari aliyekesha usiku kucha, kamanda amesimama nyuma yake anadai jibu, atachagua njia fupi hata kama ipo adhabu. Kwa maoni yangu dawa ni mazoezi ya mara kwa mara pamoja na utaratibu ambao ndani yake njia sahihi ni nyepesi kuliko njia ya mkato. Ujumbe mfupi ni sehemu ya dawa hiyo. Kama ule wa Athens ungekuwa na herufi 200, kijana yule asingeona haja ya kufupisha chochote.

Niongeze jambo moja juu ya JN-25, kwa kuwa linaonyesha jinsi nia njema inavyoweza kutoboa tundu. Waliotunga kitabu chake walitaka mpokeaji agundue mara moja kama tarakimu imeharibika njiani, hivyo kila kikundi cha tarakimu tano kilichosimama badala ya neno kilikuwa nambari inayogawanyika kwa 3. Mpokeaji akipata kikundi kisichogawanyika anajua kuna kosa. Ni jambo la busara, linapunguza maombi ya kurudia. Lakini wafumbuaji wa upande wa pili walipokisia tarakimu za ufunguo na kuziondoa, walikuwa na kipimo cha bure: vikundi vinavyobaki vikigawanyika kwa 3, makisio yao ni sahihi.

Mzalendo_Kusini

Mkuu, mimi naona mambo yote haya ya mafumbo ni mzigo. Afrika tuna lugha nyingi. Waweke Wamakonde wawili, mmoja kila upande, au Wahadzabe, waongee kwao. Nani atawaelewa? Wamarekani si walifanya hivyo na Wahindi Wekundu wakawashinda Wajapani?

MasafaMafupi

Ndugu, habari hiyo imesimuliwa nusu. Wanajeshi wa majini wa Marekani waliwaandikisha Wanavajo, wa kwanza wakiwa 29 mwaka 1942, lakini hawakuwaachia waongee tu. Vijana wale walikaa wakatunga msamiati wa siri ndani ya lugha yao: kifaru kikaitwa kobe, guruneti likaitwa kiazi, nyambizi ikaitwa samaki wa chuma. Kwa maneno yasiyokuwamo kwenye orodha walitaja neno la Kinavajo kwa kila herufi ya Kiingereza, na baadaye herufi zinazojirudia sana zikapewa maneno zaidi ya moja ili zisitambulikane. Yote hayo yalihifadhiwa kichwani.

Kipimo chake kilikuja kwa namna ya kuhuzunisha. Joe Kieyoomia, askari wa Kinavajo ambaye hakuwa mmoja wa watumaji hao, alikuwa mateka wa Wajapani. Walimtesa awafasirie, naye akawa anasikia maneno ya lugha yake mwenyewe yakitaja samaki na viazi bila mpangilio wowote unaoeleweka. Lugha peke yake ingevuja mara alipolazimishwa kufasiri. Kilichosimama ni fumbo lililowekwa juu yake.

Katika ukanda wetu tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu mipaka imewapitia watu katikati. Wamakonde wako Mtwara na wako Msumbiji. Waha wanasikilizana na Warundi. Wajaluo wako Kenya, Uganda na Tanzania. Na kinachosemwa hewani leo hurekodiwa, kikasikilizwa tena kesho na mtu anayeielewa lugha hiyo, akiwa ametulia.

MlinziWaUsiku

Salaam wakuu. Mimi si mwanajeshi, ila niko kwenye kampuni ya ulinzi na kutwa tunashinda kwenye simu za upepo. Nina mawili. La kwanza, sisi tunataja namba kwa Kiswahili na makosa ni mengi, hasa tatu na tano. Umetumwa geti namba tano, mwenzako anakwenda geti namba tatu. Jeshini wanafanyaje? La pili, tumeletewa redio mpya za dijitali na msimamizi anasema sasa hakuna wa kutusikiliza. Ni kweli?

MasafaMafupi

Ahsante, mkuu, kwa maswali yanayotoka kazini moja kwa moja. Tatizo la tatu na tano lina sababu iliyo wazi. Mkazo wa maneno yetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno haya mawili silabi hiyo ni "ta" pote pawili. Ile inayosikika kwa nguvu inafanana, na ile inayoyatofautisha, "tu" au "no", ndiyo dhaifu, ndiyo inayomezwa na mkwaruzo wa redio au na kidole kilichoachia kitufe mapema. Sita na saba zina nafuu kidogo, kwa kuwa irabu yenye mkazo ni tofauti. Nne na nane nazo huchanganywa pale mtu anapokata mwanzo wa neno.

Kiingereza kina maradhi kama hayo kati ya tano na tisa yake, na ndiyo maana katika matamshi ya kimataifa ya redio tisa hurefushwa ikawa "naina", tano ikakazwa ikawa "faifu" na tatu ikawa "tri". Alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie mnayoisikia ilianza kutumika rasmi kwenye usafiri wa anga mwaka 1956, baada ya majaribio kwa wasemaji wa lugha mbalimbali, kwa lengo hilohilo la kusikika mara moja bila kurudia. Kwenu pale, ningependekeza mageti yasiitwe kwa namba kabisa. Yapeni majina yasiyofanana hata silabi moja. Na kama ni lazima namba itajwe, anayepokea airudishe kwa sauti, na aliyetuma athibitishe kabla mtu hajanyanyua mguu.

Saa nayo ina mtego wake. Saa tatu yetu ya asubuhi ni 0900 kwenye karatasi ya kijeshi, na mtu anayefikiri kwa saa za Kizungu ataiandika 0300. Jeshini wakati huandikwa kwa tarakimu nne zikitanguliwa na tarehe, na mwishoni herufi ya ukanda wa saa. Tarehe 14 saa tano asubuhi ya Afrika Mashariki ni 141100C, kwa kuwa ukanda wetu ni herufi C. Ukiibadilisha iwe saa ya dunia nzima, yenye herufi Z, ni 140800Z. Anayeona herufi hiyo hana haja ya kuuliza, na asiyeuliza haongezi maneno hewani.

Kuhusu redio za dijitali, msimamizi wako amechanganya mambo mawili. Dijitali ni namna ya kuigeuza sauti kuwa tarakimu ili isafiri vizuri. Kuificha ni kazi nyingine inayohitaji ufunguo uliowekwa makusudi kwenye kila redio. Redio ya dijitali isiyo na ufunguo husikilizwa na mwenye redio ya aina hiyohiyo au kipokezi cha kompyuta. Muulizeni fundi kama usimbaji, yaani huko kuificha sauti, umewashwa, ni wa aina gani, na nani anabadilisha funguo mlinzi anapoacha kazi.

Nawaongezea la tatu ambalo hukuliuliza: mnathibitishaje kwamba anayeongea ni mwenzenu? Mwaka 1942 Wajerumani walimkamata Uholanzi mtumaji wa siri wa Waingereza, Huub Lauwers, wakamlazimisha aendelee kutuma kama kawaida. Lauwers alikuwa amefundishwa alama ya usalama ya kuweka ndani ya kila ujumbe, na akaiacha makusudi ili London wajue amekamatwa. London waliona alama haipo, wakaendelea naye vilevile na kuzidi kutuma watu. Mawakala zaidi ya 50 walitua mikononi mwa Wajerumani kwa mchezo huo, na wengi wao waliuawa. Habari hii hunisumbua kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu utaratibu ulifanya kazi yake sawasawa, aliyekamatwa akafanya kazi yake kwa ujasiri, na aliyekaa salama ofisini ndiye aliyepuuza.

MzeeWaKikosi

Vijana, hongereni kwa mjadala wenye staha. Nilihudumu enzi zile redio inabebwa mgongoni. Lakini mwanangu MasafaMafupi, unazungumza kama dunia imesimama. Redio za siku hizi huruka zenyewe kutoka masafa haya hadi mengine, zinajificha zenyewe, askari anabonyeza tu. Haya ya kurudia ujumbe yamebaki kwenye makumbusho.

MasafaMafupi

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwamba mashine zimebeba sehemu kubwa ya mzigo. Redio za SINCGARS za Marekani, kwa mfano, huruka masafa mara zipatazo 111 kwa sekunde kati ya megahezi 30 na 88, na sauti hufichwa bila askari kufikiri. Kosa la Athens haliwezi kufanyika kirahisi kwenye chombo kama hicho.

Hata hivyo, mzee, angalia yaliyotokea Ukraine kuanzia Februari 2022. Jeshi la Urusi lilikuwa na redio za kisasa, lakini vikosi vingi vilivyokuwa mstari wa mbele vilionekana vikitumia redio za kiraia zisizofichwa na simu za mkononi, na raia wa kawaida wenye vipokezi walikuwa wakirekodi mazungumzo yao. Ni Tannenberg ileile: chombo salama hakikumfikia kila mtu, au kilikuwa kigumu, na askari akashika kilichokuwa karibu. Usiku wa mwaka mpya wa 2023 makombora yalipiga jengo la Makiivka lililojaa askari wa Urusi, na wizara yao ya ulinzi, ikitaja vifo 89, ilisema sababu kuu ni askari kutumia simu za mkononi kinyume cha katazo.

Na hapo Makiivka hakuna aliyehitaji kuyasikia maneno yenyewe. Mtambo wowote unaotoa mawimbi unaonyesha mahali ulipo, hata kama maneno yake hayafumbuliki milele. Manahodha wa nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki walitumia jumbe fupi mno zilizobanwa kwa vifupisho, wakiamini kwamba sekunde chache hazitoshi kupimwa mwelekeo. Meli za Uingereza zilikuwa na vifaa vilivyoonyesha upande wa wimbi papo kwa papo, nyambizi ikisema neno moja meli inageuka kuelekea huko. Kwa hiyo nguvu ya mtambo hushushwa iwe ile inayotosha tu kumfikia anayeitwa, antena huwekwa nyuma ya kilima ili kilima kiwe kati yake na adui, na mtambo wa kutuma huwekwa mbali na hema la kamanda, ili kombora likifuata wimbi lisimkute yeye.

Wingi wa mazungumzo nao unasema. Tarehe 1 Novemba 1941 meli za Japani zilibadilisha majina yao ya mwito, na Wamarekani waliokuwa wakiyafuatilia wakaanza kuyatambua upya. Tarehe 1 Desemba yakabadilishwa tena, mwezi mmoja tu baadaye, na wasikilizaji wakaandika kwamba hilo ni dalili ya maandalizi makubwa. Wiki hiyo haikuisha, Pearl Harbor, kambi ya meli za kivita za Marekani huko Hawaii, ikashambuliwa. Mabadiliko yaliyokusudiwa kuficha yalikuwa yenyewe ni taarifa, ingawa waliopewa taarifa hawakujua shabaha ni ipi.

BintiKilindini

Swali la mwisho kwangu. Redio yenye ufunguo ikipotea au ikichukuliwa na adui, jeshi zima linakuwa limeumbuka?

MasafaMafupi

Hapana, dada, kama mfumo umejengwa vizuri na aliyeipoteza amesema mapema. Tangu 1883 mtaalamu wa mafumbo, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba mfumo mzuri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Kwa hiyo redio ikipotea hutolewa taarifa papo hapo kwa njia nyingine, isiyo ya mtandao huohuo wa redio, ikieleza ni redio ipi, ilionekana mara ya mwisho saa ngapi na ilikuwa na funguo za kipindi gani. Kituo kinachoongoza mtandao kinaitoa redio hiyo na vikosi vyote vinahamia ufunguo mwingine uliokwisha gawiwa kwa ajili ya dharura. Redio nyingi zina kitufe cha kufuta funguo, na mwenye redio anayeona anazidiwa anatakiwa akibonyeze kabla ya kufikiria kitu kingine. Anayechelewa kutoa taarifa kwa kuogopa adhabu ndiye anayeleta hasara, kwa kuwa wenzake wanaendelea kuongea wakidhani wako peke yao. Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kutegemea adhabu kali: mtu aliyetishwa sana huficha upotevu.

Januari 1968 Korea Kaskazini iliiteka meli ya Marekani iitwayo Pueblo, ikiwa na mashine za kuficha mawasiliano ambazo mabaharia hawakuwahi kuziharibu zote. Wamarekani walijipa moyo kwa kanuni hiyohiyo ya Kerckhoffs: mashine zimekwenda, lakini funguo zitabadilishwa, kwa hiyo maneno yako salama. Ilikuwa hesabu sahihi kwa taarifa walizokuwa nazo. Wasilolijua ni kwamba John Walker, afisa wa mawasiliano katika jeshi lao wenyewe la majini, alikuwa ameanza kuwauzia Wasovieti funguo hizo, akaendelea na baadaye akawaingiza jamaa zake, mpaka alipokamatwa Mei 1985.